Vumbi la Rangi

Brashi ni chombo chenye adabu. Huipokea rangi kutoka koponi, huipeleka pale mkono unapotaka, na ikikosea huwa imekosea kwa upana wa nywele zake tu. Bomba la kupulizia rangi lina tabia nyengine. Lenyewe huivunja rangi ikawa matone madogo mno, huyasukuma kwa nguvu ya hewa, na kuanzia hapo kazi hugawanywa baina ya fundi na upepo. Fundi hupata fungu lake, likakaa juu ya geti, kabati au boti. Upepo nao hupata lake, ukaenda nalo unakotaka, bila ya kumpigia mtu hodi.

Na visiwani upepo haukosekani. Kaskazi huvuma kuanzia Disemba hadi Machi. Baada ya hapo hugeuka, kusi ikashika zamu mpaka Septemba. Wazee waliosafiri kwa majahazi baina ya pwani hii, Arabuni na Bara Hindi waliipanga miaka yao kwa pepo hizo mbili. Wajukuu wao wengi hawana tena haja ya kuzihesabu, lakini pepo hazikustaafu. Zimo nyuani na vichochoroni, zinabeba moshi wa majiko na majani ya mwarobaini, na palipo na fundi wa mageti zinabeba rangi.

Mwenye gari ndiye hupata habari mwanzo, naye huipata kwa kiganja kabla ya jicho. Gari lililooshwa likakaushwa hutakiwa liteleze chini ya mkono kama sahani ya kaure. Lililotuliwa na vumbi la rangi hukwaruza kama ulimi wa paka. Likiwa jeusi na rangi iliyopeperushwa ikawa nyeupe, mtu ataona kana kwamba limemwagiwa chumvi ya unga. Likiwa jeupe, huenda likakaa wiki nzima bila ya mtu kushituka, hadi siku ya kufutwa, kitambaa kikawa kinanasa. Wenye uzoefu huvaa mkononi karatasi laini ya plastiki, ya aina ya kufungia mkate, wakapapasa nayo bodi iliyokwisha kuoshwa. Plastiki ile huzikuza chembe. Vidole huzihesabu moja moja.

Si kila chembe hushika sawa. Tone linaposafiri hewani hupoteza majimaji yake. Likitoka mbali hufika limekwisha kukauka, likatua kama vumbi na kujishikiza kidogo. Likitoka karibu hufika bichi, likajilaza, likashika. Kwa hiyo gari lililokuwa ng'ambo ya njia mara nyingi husafishika kwa wepesi kuliko lililokuwa ubavuni mwa kazi. Aina ya rangi nayo ina hukumu yake. Rangi ya maji, ile ya kuta, ikiwahiwa hutoka kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Rangi ya mafuta hukauka kwa kuivuta oksijeni ya hewani, na huzidi kuwa ngumu kwa siku na wiki. Rangi ya selulosi hukauka kwa kuondokewa na kiyeyusho chake tu, na kwa sababu hiyo ikikutana nacho tena huyeyuka tena. Rangi ya pakiti mbili, inayochanganywa na dawa ya kuikaza kabla ya kupulizwa, hufungamana kikemia, na ikishakaa hairudi kuwa majimaji. Anayetaka kuisafisha gari yake nyumbani hana budi aulize kwanza ni rangi gani iliyotua, na imetua tangu lini.

Kisha aulize ni nini kilichotuliwa. Magari mengi ya Unguja na Pemba yalianza maisha yao Japani, yakatumika huko kwa miaka, ndipo yakapanda meli. Bati la gari hutoka kiwandani likiwa limevikwa tabaka kadhaa: ya kuzuia kutu, ya msingi, ya rangi yenyewe, na ya juu iliyo angavu kama kioo. Tabaka hizo huokwa katika joto kali. Lakini tabaka hizo zikijumlishwa, unene wake kwa kawaida ni kama maikroni 100 hadi 150, na milimita moja ina maikroni 1000. Tabaka angavu peke yake ni maikroni 40 hadi 50, nyembamba kuliko unywele mmoja wa kichwani. Huo ndio mtaji wote wa mng'aro wa gari. Kila anayesugua huchota humo, na hakuna anayerudisha.

Katika mtaa mmoja wa Ng'ambo palikuwa na nyumba mbili zilizotengwa na kichochoro na kuunganishwa na mengine yote. Katika moja aliishi dereva wa teksi, mtu mzima wa miaka sitini na kitu, mwenye gari la buluu iliyokoza. Katika ya pili aliishi mjane na mwanawe, kijana aliyejifunza kuchomea vyuma na aliyekuwa akitengeneza mageti uani kwao. Zikiwa zimebaki siku chache kufika Idi, kijana alikuwa na geti la mtu la kumaliza. Alilisimamisha ukutani alasiri, upepo umeshika kasi, akalipuliza rangi nyeupe ya mafuta iliyopunguzwa kwa tina. Geti likapendeza. Asubuhi ya pili yake, baada ya sala ya alfajiri, dereva alitoka na ndoo na fulana kuukuu kama ilivyo ada yake. Fulana ikagoma juu ya boneti.

Gari lile ndilo lililosomesha watoto wanne. Dereva alinena kwa sauti ambayo ukuta wa jirani haukuweza kuizuia, na miongoni mwa aliyoyasema yalikuwamo maneno ya kwenda kwa sheha, na ya gharama za kupiga rangi gari zima. Mjane alisikia, akakaa kimya ndani. Gharama hizo kwake zilikuwa mageti ya miezi. Kijana ndiye aliyetoka, kopo la tina mkono mmoja na tambara mkono wa pili.

"Shikamoo ami. Nisamehe. Nipe dakika kumi tu, itatoka yote."

Dereva hakuitikia marahaba. Lakini alisogea kando, kuashiria kwamba njia iko wazi.

Hapa ndipo magari mengi yanapoangamia, katika dakika kumi hizo. Tina ni kiyeyusho kikali. Kazi yake ni kuyeyusha rangi, nayo huifanya kazi hiyo bila ya ubaguzi. Rangi ya kiwandani iliyookwa huweza kuistahamilia kwa muda mfupi. Gari lililowahi kugongwa likapigwa rangi upya ya selulosi haliistahamilii hata kidogo: tambara huanza kubeba rangi ya gari lenyewe. Taa za mbele, ambazo siku hizi ni za plastiki, hupata ukungu na nyufa ndogo. Mipira ya milango hukakamaa. Petroli nayo hula taratibu zaidi, na juu ya hayo ina hatari ya moto. Wengine hukimbilia msasa, au sufi ya chuma ya kusugulia masufuria. Hizo huondoa chembe kweli, na kila palipokuwa na chembe huacha mikwaruzo isiyoonekana kivulini, ila gari likitoka juani huonekana limefunikwa na utando wa buibui.

Boneti ya gari lile lilikuwa limewahi kupigwa rangi gereji. Dereva alilijua hilo lakini hasira ilimsahaulisha. Aliyekumbuka ni mzee mmoja wa mtaa huo huo, fundi wa rangi za magari aliyekwisha kuacha kazi, aliyekuwa akirejea msikitini kwa mwendo wake wa polepole. Alisimama, akaliangalia kopo, akamwambia kijana:

"Mwanangu, tina haijui ipi rangi yako na ipi ya ami yako."

Kopo likafunikwa. Na kwa kuwa mzee hakuwa na pa kuharakia, akaketi barazani, akawaelekeza wote wawili hatua kwa hatua.

Kwanza ni kuliosha gari kwa maji mengi na sabuni laini, ili mchanga na chumvi ya bahari viondoke. Anayeruka hatua hii huwa anausugua mchanga ule ule juu ya rangi. Kazi ifanywe kivulini, bati likiwa limepoa. Kisha papo hapo pajaribiwe pasipoonekana, kama sehemu ya chini ya mlango, kwa kitambaa safi kilichotiwa tone la mafuta ya taa. Kitambaa kikibeba nyeupe ya geti peke yake, ni heri. Kikibeba buluu, hapo kusimamishwe mara moja. Palipokubali, mafuta hayo hutumika kidogo kidogo, hufutwa upesi, na huoshwa kwa sabuni yasije yakabaki. Katika vioo, wembe uliolazwa juu ya maji ya sabuni huzichukua chembe kwa usalama. Katika plastiki wembe haugusi, wala tina.

Zinazobaki baada ya hapo, nazo ndizo nyingi, zina dawa yake maalumu: udongo wa kusafishia rangi ya gari. Huuzwa katika vijipande kwenye maduka ya vifaa vya magari. Si udongo wa ardhini; ni utomvu wa kutengenezwa kiwandani, mfano wa unga uliokandwa, ndani yake mna chembe laini mno za kukwangua. Mjapani mmoja ndiye aliyepewa hataza zake Marekani katika miaka ya 1990, hivyo dawa hii na magari yetu mengi yametoka nchi moja. Hukatwa kipande cha kiasi cha nusu ya yai, kikakandwa mpaka kikalainika, kikatandazwa kama chapati ndogo. Bati hurowanishwa vyema kwa maji yenye matone machache ya sabuni ya gari, kwani udongo ukipita juu ya pakavu hunata na kukwaruza. Halafu huburuzwa mbele na nyuma, kwa mstari ulionyooka, mahali padogo pasipozidi dhiraa moja kwa dhiraa moja, kwa uzito wa vidole tu.

Udongo huu hauyeyushi chochote. Hupita juu ya rangi iliyo sawa bila ya kupata pa kushika, na kila kilichochomoza hukinasa na kukikata. Mwanzo husikika mkwaruzo, sauti kama ya mchele unaopetwa. Kila mkono unapopita, sauti hupungua. Inaponyamaza, mahali pale pamekwisha. Udongo hugeuzwa, hukunjwa, sehemu safi ikaja juu. Ukianguka chini hutupwa hata ukiwa mpya, kwa kuwa punje moja ya mchanga ndani yake ni msasa tosha. Mwisho gari hukaushwa na kupakwa nta, maana udongo umeondoka pia na nta ya zamani, na rangi imebaki uchi mbele ya jua.

Kazi ile iliwachukua alasiri tatu. Siku ya kwanza dereva na kijana hawakusemezana ila kwa lazima: lete maji, shika hapa. Siku ya pili mjane alileta kahawa na kashata barazani, na dereva akaipokea. Ni katika kunywa kahawa hiyo ndipo mzee alipomuuliza kijana swali ambalo hakuna aliyelifikiria. Alitaka kujua anapopuliza rangi hujifunga nini puani. Kijana akaleta kipande cha kanga. Kilikuwa kimekakamaa kwa weupe.

Mzee alikitazama kwa muda. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kukatiza maneno kwa kikohozi, na mtaa ulikwisha kukizoea kikohozi chake kama unavyoizoea saa ya ukutani. Akasema kwamba gari limesimama kule, ng'ambo ya njia, likapata haya. Na wewe uliyesimama hapa, bomba limo mkononi, umepata kiasi gani?

Kanga huzuia matone makubwa, yale ambayo pua ingeyazuia wenyewe. Matone madogo kabisa, na mvuke wa tina usio na umbo la kushikika, hupita kitambaa kama upepo unavyopita wavuni. Mvuke huo huumiza kichwa siku hiyo hiyo, na ukivutwa kwa miaka hudhuru neva. Rangi za mafuta zilizotiwa risasi ili zing'are, hasa manjano na nyekundu, huacha risasi hiyo mwilini. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa ni salama. Rangi za pakiti mbili za magari zina isosayaneti katika dawa yake ya kukaza, na hiyo ni miongoni mwa sababu zinazojulikana sana za pumu ya kazini. Mapafu yakishaichukia, kiasi kidogo sana hutosha kumbana mtu pumzi, na fundi hulazimika kuiacha kazi aliyoijua maisha yake yote. Barakoa yenye vichujio vya mkaa hufaa kwa rangi za kawaida. Kwa isosayaneti hutakiwa kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje.

Siku tatu watu wawili walikuwa wakitoa chembe kwenye bati, mmoja akihesabu hasara yake, mwengine akihesabu deni lake, na hasara kubwa ilikuwa haijaandikwa popote. Gari limetengenezewa udongo wa kulisafisha. Kifua hakina udongo wake.

Wapenzi wa tenzi wanaijua kazi ya kusafisha kwa upande mwengine. Tenzi za kale za pwani, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, zilinakiliwa kwa mkono, na kila mnakili aliweza kuacha chembe zake: neno la lahaja yake mahali pa neno la mtungaji, kina kilichonyoshwa, ubeti wa nyongeza. Mhariri anayezijia na kopo la tina, akafuta kila asichokifahamu, humwachia msomaji bati tupu. Neno la Kiamu linaloonekana kosa machoni pa mtu wa Unguja huenda ndilo rangi ya kiwandani. Mwenye kusafisha kwa udongo hupapasa mwanzo. Huhesabu mizani, husikiliza vina, hulinganisha nakala na nakala, na panapobaki shaka huliacha doa mahali pake, akalitaja pembeni.

Katika gari lile pia madoa yalibaki. Juu ya paa palikuwa na matone mawili matatu yaliyofika mabichi, yakajilaza, yakashika, na udongo ukawa unapita juu yake bila ya kuyachukua. Dereva alitaka kuendelea. Alikwisha kuonja utamu wa kiganja kinachoteleza, na aliyeonja utamu huo hataki kubakisha. Mzee akamkataza. Alisema kwamba kuyafikia matone yale kutagharimu zaidi ya thamani yake, na kwamba abiria hawapandi paani. Yakaachwa. Paa likapakwa nta pamoja na matone yake.

Habari za sheha hazikutajwa tena, wala za kupiga rangi gari zima. Kijana alinunua udongo, nta na sabuni, ikawa ndiyo fidia. Kuanzia hapo utaratibu wake ukabadilika. Kazi ya bomba huifanya mapema asubuhi, kabla upepo wa bahari haujaamka, naye humwagia maji ardhi ili vumbi litulie. Usiku wa kuamkia kazi hiyo hupita kwa majirani kuwaarifu, na mwenye gari hulihamisha au hulifunika. Mageti madogo huyapaka kwa brashi, ingawa humchukua siku mbili badala ya nusu.

Barakoa ilichelewa. Aina yenye vichujio haikupatikana mtaani, na pesa zilipopatikana zilikuwa na shughuli nyengine. Mwishowe aliyeileta ni dereva, aliyeinunua safari moja ya kupeleka abiria bandarini. Hakuitoa kwa maneno mengi. Aliiweka barazani kwa mjane ikiwa ndani ya kiboksi chake, akasema ni ya mtoto, na kwamba vichujio vyake hubadilishwa mara tu harufu ya tina inapoanza kupenya, si mpaka vichakae. Kisha akaondoka, kwani alikuwa na mteja anayemngoja.